Miguu ya Faraj Mshona Kanzu

Mwezi wa saba ukiingia, baridi hushuka Mombasa. Watu wa bara huicheka baridi hiyo, na wana haki yao, lakini Kibokoni hawafanyi nayo mzaha. Masweta hutolewa makabatini yakinuka nafthalini, chai hutiwa tangawizi mpaka ikawasha koo, na mtu akipiga chafya barazani huulizwa kama amekwisha andika wasia. Faraj mshona kanzu alizaliwa katika woga huo, akakulia humo. Kwa hiyo alipowaambia majirani kwamba anajizoeza kwenda kupanda Mlima Kenya mwezi wa nane, walicheka, wakamtazama tena, kisha wakaanza kumwonea huruma. Walisema ni kule kufiwa.

Walikosea kidogo tu. Mkewe, Sheikha, alikuwa na miaka miwili kaburini. Siku ya maziko Faraj alibeba jeneza pamoja na wenziwe, akapokea mikono ya watu, akala alipoambiwa ale, na keshoye akarudi kwenye cherehani. Hakutokwa na chozi. Mtaa mzima ukamsifu kwamba yule bwana ana subira. Maneno ya watu hayo. Subira ni ya mwenye kitu cha kukizuia, na Faraj hakuwa na kitu. Alijipekua moyoni akitafuta huzuni kama mtu apekuavyo mifuko akitafuta ufunguo, akaona hamna, akaacha kutafuta.

Mahira, binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea huko Tononoka, hakumsifu. Alikuwa akimngoja baba yake alie ili naye apate mwenziwe wa kulia naye. Alingoja mwezi, akangoja mwaka, mwishowe akawa analia peke yake jikoni akidhani hasikiki. Faraj alikuwa akimsikia. Alijua pia kwamba baba mwingine angeinuka akamwendea. Yeye alimaliza mshono aliokuwa nao mkononi, akaanza mwingine.

Baada ya moyo ikafuata miguu. Cherehani yake ni ya zamani, ya kukanyaga, na ameapa kwamba ya umeme haitaingia dukani mwake. Asubuhi moja sindano ilisimama. Akaikasirikia mashine, akaitia mafuta, akaigongagonga, mpaka alipoinama akauona mguu wake wa kulia umetoka kwenye kikanyagio, umetulia sakafuni. Hakuwa amejua. Tangu siku hiyo akawa anashona kwa kusikiliza. Mlio ukiwa sawa, mguu uko mahali pake.

Kliniki walimwambia ni sukari, tena ya siku nyingi, na imekwisha haribu mishipa ya fahamu nyayoni. Akapewa vidonge na masharti. Atembee kila jioni. Asiende miguu mitupu hata chooni. Na kila usiku kabla ya kulala azigeuze nyayo zake azitazame vizuri, kwa sababu zenyewe hazitamwambia kitu tena.

Kibokoni sukari si ugonjwa wa kufichwa. Wazee huizungumza barazani kama vijana wazungumzavyo mpira, nani imepanda, nani imeshuka, nani kaonekana ala halua. Faraj naye angejiunga na mazungumzo hayo bila ya aibu. Aliowaficha ni watu wawili tu, na aliwapata Mama Ngina, kwenye matembezi ya kando ya bahari.

Alikwenda huko kutimiza sharti la daktari. Akawa anapishana kila jioni na mwanamke mrefu wa ofisi za bandari, aitwaye Auma, atembeaye upesi kama aliyechelewa harusi, na nyuma yake fundi wa reli, Mutunga, mtu wa Machakos mwenye maneno machache. Walianza kwa kusalimiana kwa mbali. Kisha Auma akapunguza mwendo. Kisha wakawa wanakaa pamoja ukutani, wakitazama meli zikiingia, wakila mihogo ya kuchoma yenye ndimu na pilipili. Maji ya miwa Faraj alikuwa akiyakataa. Alisema ni meno.

Mlima ulikuwa wazo la Auma. Alikuwa amelisema kila mwaka na kila mwaka likayeyuka, ila mwaka huu alikuwa amekwisha omba likizo. Mutunga akakubali, na Ronald, mfanyakazi mwenziwe wa reli, akakubali pia. Wakamgeukia Faraj.

"Na wewe, Bwana Faraj?"

"Mimi ntawasindikiza kwa dua," alisema Faraj.

"Basi njoo tu Rabai Jumamosi, tuzoeze miguu vilimani. Dua utaiombea hukohuko."

Akaenda kwa sababu hakuwa na sababu ya kutokwenda, na mambo mengi siku zile aliyafanya kwa namna hiyo. Walipanda kilima nyuma ya Rabai asubuhi ya manyunyu, katikati ya minazi na mashamba ya mihogo. Nusu ya njia moyo wa Faraj ulianza kumgonga. Alisimama akausikiliza. Jasho lilikuwa likimtoka na huku upepo ukimpiga, mapaja yanamwaka moto, na walipofika juu akakaa juu ya jiwe akatamka kwa sauti, kama mtu aliyeokota kitu njiani:

"Nina njaa."

Wenziwe wakacheka, wakatoa mahamri. Wao waliona ni neno la kawaida. Lakini Faraj alikuwa na miaka miwili anakula kwa sababu Mahira amemwekea sahani mbele yake. Alikula mahamri yale juu ya lile jiwe na kila tonge lilikuwa na ladha, na hapo akautaka mlima. Kama kilima cha Rabai kimemrudishia njaa, mlima wenyewe ungemrudishia nini? Hakumwambia mtu hesabu hiyo. Aliitaka safari ile kuliko alivyotaka kitu chochote tangu azikwe Sheikha, na kusema kweli hakuwa ametaka chochote.

Safari ya pili Rabai, Ronald alishikwa na kizunguzungu. Alikaa chini, akakiri kwamba ana presha na vidonge hunywa anapokumbuka. Auma hakumpigia kelele, ila alisema maneno yaliyobaki masikioni mwa Faraj.

"Hupandi tena, Ronald. Mpaka daktari akuruhusu kwa mdomo wake. Mimi sitaki kubeba maiti mlimani."

Ronald akaachwa chini ya kilima na chupa za maji. Faraj alipita mbele yake, akapanda, na huko juu akaamua kwamba neno sukari halitatoka kinywani mwake mpaka watakaporudi kutoka Mlima Kenya.

Likabaki zoezi la mwisho, siku tatu katika vilima vya Taita, ambako Mutunga aliwahakikishia kuwa kuna baridi ya kweli. Hapo Faraj akapata fikira iliyomfurahisha, akaenda nayo hadi kwa Ustadh Sabir baada ya sala ya alasiri.

Yapo mambo ambayo kila mtoto wa Mombasa hufundishwa katika chuo cha Kurani na hayatumii maishani. Mojawapo ni mlango wa kupangusa juu ya soksi za ngozi. Mtu aliyezivaa akiwa na udhu kamili, inapofika sala nyingine, haimlazimu kuzivua na kuosha miguu. Hupangusa tu juu yake kwa mkono wenye maji. Mkaazi ana ruhusa hiyo usiku na mchana mmoja, msafiri ana siku tatu na masiku yake. Watoto huukariri mlango huo kwa kuimba huku jasho likiwatiririka, kisha huenda zao wakavaa ndara maisha yao yote.

"Ustadh, naenda Taita. Siku tatu. Ile ruhusa ya soksi yanifaa?"

Ustadh Sabir alimkazia macho, furaha ikamjaa usoni. Alikuwa ameusomesha mlango ule tangu ujana wake na hakuna aliyewahi kumuuliza swali lake.

"Yakufaa, tena yakufaa sana. Zivae ukiwa twahara, ziwe nzito, zifunike vifundo. Wapangusa juu, si chini. Na ukirudi, Faraj, hebu njoo unieleze ilivyokuwa."

Faraj alizinunua katika duka liuzalo vitu vya mahujaji, nyeusi, laini, za kupanda juu ya kifundo. Kwa kuwa ni fundi hakuridhika nazo zilivyo. Alizitia bitana ya flaneli kwa ndani ili zimzuilie baridi, akakata, akabana, akashona kwa mkono taratibu, nyuzi za kufichwa. Mahira alizishika akasema hata Makka hazipatikani kama hizo. Faraj akazijaribu siku nzima dukani na kando ya bahari. Hazikumuumiza hata kidogo.

Wakapanda treni hadi Voi, na kutoka Voi gari likawapandisha Wundanyi. Mutunga hakuwa amesema uongo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kabichi, pumzi inatoka mdomoni inaonekana, na asubuhi maji ya bomba yalichoma vidole vya mikono. Faraj aliinama penye bomba la nyumba ya wageni, akatia udhu, na alipofika miguuni akapitisha kiganja kilicholowa juu ya ngozi nyeusi, kulia, kushoto, akasimama. Mutunga alikuwa akimwangalia na mswaki mdomoni.

"Ndiyo imekwisha hiyo?"

"Imekwisha."

"Dini yenu ina huruma," alisema Mutunga, akaenda kuosha uso huku akilaani.

Siku hizo tatu Faraj aliwashinda wote. Walipanda mpaka kilele cha Vuria, wakashuka mabonde, wakapanda tena kwenye njia za mawe ambako kina mama wa Kitaita waliwapita na mizigo ya kuni bila hata kuhema. Auma alichechemea. Mutunga alichechemea. Faraj alikwenda mbele yao, mguu unatua popote unapotua. Njaa ilikuja tena, na usingizi ukaja, wa kulala mpaka alfajiri. Akaanza kuamini kwamba anapona.

Jioni, mwenye nyumba aliwaletea beseni la maji ya moto na chumvi, likawekwa kati ya viti vyao. Auma na Mutunga walitumbukiza miguu, wakalinganisha malengelenge yao, wakabishana la nani kubwa. Beseni lilikuwa na nafasi.

"Leta na yako, Mzee Faraj," Auma alimwambia. "Au wewe huna malengelenge?"

"Sina."

"Hebu tuone."

"Nikizivua, ruhusa yangu yaisha," alisema Faraj. "Ni mambo ya sala."

Ilikuwa kweli, na alijua kwamba anaitumia kweli hiyo kama pazia. Angeweza kuzivua, akaosha miguu kwa maji yaleyale ya moto, asipoteze chochote. Lakini wale wawili walikuwa watu wa adabu. Waliposikia ni sala, Auma akaomba radhi, na siku ya pili hakumuuliza tena. Faraj alilala na soksi zake. Lile sharti la kila usiku alijiambia kwamba limesimamishwa na safari.

Walirudi Mombasa jioni ya tatu. Alimkuta Mahira sebuleni akikata vikaratasi vya watoto wake wa chekechea, akamsalimia, akavua viatu mlangoni, akaelekea ndani kuoga.

"Baba," alisema Mahira nyuma yake. "Simama hapo."

Akasimama. Akageuka. Juu ya vigae vyeupe vya ukumbi zilikuwa zimefuatana alama za mguu mmoja, nyekundu iliyokoza, tangu mlangoni mpaka pale alipo. Alizitazama kama alama za mtu mwingine. Mahira alimkalisha kitini, akaivuta soksi ya kulia, nayo haikutaka kutoka kwa kuwa flaneli ilikuwa imegandamana na nyama. Ilipotoka, ikatoka na harufu. Chini ya dole gumba kulikuwa na shimo jeusi, na ndani ya shimo kichwa kidogo cha manjano, cha pini ya kushonea. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kubania bitana. Alikuwa ameisahau ndani ya soksi, akaikanyaga dukani, akaikanyaga Mama Ngina ingali imelala kwenye flaneli, akapanda nayo Vuria ikamzama.

"Kumbe ilikuwa hapa," alisema Faraj.

Mahira alimtazama, akaenda kutafuta gari.

Hospitalini daktari kijana alimlaza akamwambia afumbe macho. "Nikikugusa mguu, mzee wangu, sema naam." Faraj alifumba macho akangoja. Aliusikia mlio wa feni, aliisikia pumzi ya Mahira. Alingoja daktari aanze. Kisha akaona kimya kimezidi, akafumbua macho, akamkuta daktari anarudisha vifaa vyake mfukoni. Alikuwa amekwisha maliza.

Usaha ulikuwa umefika mfupani. Walikata dole gumba na kidole kinachofuata. Faraj aliambiwa asubuhi, akasema alhamdulillahi kwa sauti ileile anayoitoa pale mteja anapomwambia kanzu imemkaa vizuri. Mahira alitoka nje.

Auma na Mutunga walikuja siku ya pili na machungwa. Mutunga alisimama upande wa miguu ya kitanda, akaitazama bendeji, akatazama pembeni. Auma hakukaa.

"Mahira ametuambia una sukari tangu zamani. Kwa nini hukusema, Mzee Faraj?"

"Mngeniacha."

"Nani angekuacha?"

"Mlimwacha Ronald."

Auma akakaa sasa.

"Ronald alienda kwa daktari wiki ileile. Akabadilishiwa dawa, akaruhusiwa. Ronald tunakwenda naye." Alijifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Mama yangu ana sukari. Mimi ndiye ninayemkagua nyayo nikienda nyumbani. Ungesema neno moja tu, ningekukagua na wewe kila jioni, tukapanda, tukashuka."

"Beseni lilikuwa pale," alisema Mutunga. "Mbele yako."

Faraj aliyasikia maneno hayo na akayaelewa yote. Alijua kwamba ni mazito, na kwamba mtu aliyeambiwa hivyo angepaswa kujisikia vibaya. Akaungoja ule ubaya. Haukuja. Mutunga alisema wanaweza kuiahirisha safari mpaka mwakani. Faraj akawaambia hapana, nendeni, kwa heri na baraka zote, akawashukuru kwa machungwa.

Wakaenda. Yeye akarudishwa nyumbani, mguu juu ya mto, cherehani imefunikwa shuka. Siku zilipita bila ya rangi. Wateja walikuja kumpa pole, wakachukua vitambaa vyao kwa upole wapeleke kwa mafundi wengine. Ustadh Sabir alikuja pia, akaketi muda mrefu, hakuuliza lolote kuhusu soksi. Mahira alimsafisha kidonda asubuhi na jioni kabla na baada ya kazi, na walizungumza kuhusu chakula.

Picha ilifika asubuhi, Mahira akiwa jikoni. Simu ililia kidogo juu ya mto, Faraj akaifungua bila ya haraka. Walikuwa watatu juu ya mwamba, mawingu chini yao, jua ndiyo kwanza linatoka. Mutunga alikuwa anacheka mdomo wazi, jambo ambalo Faraj hakuwahi kuliona. Auma ameinua mikono yote miwili. Katikati yao Ronald, kofia ya sufu imemwenda upande, mashavu yamemvimba kwa baridi. Na kulia kwa Mutunga mwamba ulikuwa unaendelea. Pangetosha mtu mmoja zaidi kusimama.

Alipatazama pale. Akajiona ambavyo angesimama, sweta lipi, mikono ameiweka vipi. Akamwonea Ronald wivu, wivu wa kitoto kabisa, na akajikasirikia yeye mwenyewe. Akainua kichwa ili aite, kwa sababu kila jambo lililompata, zuri au baya, alikuwa na mtu wa kumwonyesha kwanza.

"Sheikha," alisema, "njoo utizame."

Alijisikia akilitamka. Chumba kilikuwa kitupu, na kitanda kilikuwa kikubwa kuliko mtu mmoja, na kilikuwa hivyo kwa miaka miwili.

"Mahira," aliita. "Mahira. Naumwa."

Mahira alikuja mbio, mikono ina unga. Akapiga magoti, akafunua shuka, akaugeuza mguu taratibu kwenye mwanga. Bendeji ilikuwa kavu na safi. Akagusa pembeni ya kidonda kwa ncha ya kidole.

"Wapi, baba? Hapa? Waumwa hapa?"

"Si mguu," alisema Faraj, na taya lake lilikuwa likicheza, hawezi kulizuia. "Mamako, Mahira. Mamako hayuko."

Mahira aliuachia mguu. Akakaa palepale sakafuni na unga wake, akaegemeza kichwa gotini mwa baba yake, wakalia.